Jinsi ya kutunga na kuendesha chemshabongo ya maarifa ya jumla bila ubishi

Ugomvi mwingi kwenye chemshabongo huletwa na swali lenye majibu mawili sahihi huku mwendeshaji akiwa na moja tu kwenye karatasi yake. Timu iliyoandika lile la pili inadai haki yake, na inayo. Wengine wanaingilia, muda unakwenda, na raundi iliyokuwa tamu inachacha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani siku kadhaa kabla ya mchezo. Ukiitunga vizuri, siku yenyewe kinachobaki ni kusoma kwa sauti na kutunza muda.

Idadi ya maswali na muda

Kwa mchezo wa saa moja na nusu, maswali 40 yanatosha: raundi nne za maswali kumi kumi, yaani historia, michezo, sayansi na burudani. Soma kila swali mara mbili, kisha zipe timu sekunde 30 za kunong'onezana na kuandika. Swali moja huchukua kama dakika moja, na kusahihisha raundi huchukua dakika tano. Nusu saa inayobaki italiwa na utangulizi, mapumziko, mapingamizi na swali la kuvunja sare. Timu ziwe za watu wanne hadi sita. Wakizidi hapo, wawili watatu hugeuka watazamaji.

Andika maswali 50 hata kama utauliza 40. Machache yatakufa kwenye majaribio, na lazima ubaki na akiba ya kuziba pengo siku ya mchezo.

Jibu liwe moja tu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Ukiona kwenye swali lako maneno kama "wa kwanza", "pekee", "mrefu kuliko yote" au "aliyevumbua", simama ulichunguze upya.

Chukua swali ambalo kila mtu anadhani ni salama: "Mlima mrefu kuliko yote duniani ni upi?" Utategemea Everest, mita 8,849 kutoka usawa wa bahari. Lakini Mauna Kea wa Hawaii, ukipimwa kuanzia kitako chake kilicho chini ya maji, unapita mita 10,000. Na kilele kilicho mbali kuliko vyote na kitovu cha dunia ni cha Chimborazo, Ecuador, kwa sababu dunia imetuna kidogo kwenye ikweta. Ongeza "ukipimwa kutoka usawa wa bahari" na ubishi umekwisha.

"Nani alikuwa wa kwanza kuizunguka dunia?" Wengi wataandika Magellan, ambaye aliuawa Ufilipino mwaka 1521 kabla safari haijaisha. Swali linalosimama ni hili: "Baada ya Magellan kuuawa mwaka 1521, nahodha gani aliirudisha meli ya Victoria Hispania mwaka uliofuata?" Jibu ni Juan Sebastián Elcano, na hakuna mwingine wa kugombania nafasi hiyo. Tena swali la pili linafundisha kitu, wakati la kwanza linatega tu.

Neno "pekee" nalo lina hila zake. Ukiandika kwamba Marie Curie ndiye mtu pekee aliyepata Tuzo ya Nobel katika nyanja mbili tofauti, umekosea, kwa kuwa Linus Pauling alipata ya kemia mwaka 1954 na ya amani ya mwaka 1962. Ukiandika "nyanja mbili tofauti za sayansi", Curie anabaki peke yake: fizikia mwaka 1903 na kemia mwaka 1911. Nyongeza ya neno moja imeliokoa swali.

Kwenye filamu, "Ni filamu gani ilishinda tuzo 11 za Oscar?" ina majibu matatu: Ben-Hur, Titanic na The Lord of the Rings: The Return of the King. Ama uitaje miaka, ama uligeuze swali liombe zote tatu kwa alama tatu. Hilo la pili ni zuri zaidi, maana kila timu itapata angalau moja na timu kali itazipata zote.

Kwa uvumbuzi, achana kabisa na "nani alivumbua". Balbu, redio na simu zote zina wagombea kadhaa, na kila mmoja ana watetezi wake. Uliza kitu chenye karatasi ya kukithibitisha: nani alipewa hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya simu nchini Marekani mwezi Machi 1876? Alexander Graham Bell, basi.

Sayansi inataka masharti yatajwe. Swali "Metali gani ni kimiminika kwenye joto la kawaida?" lina jibu linalojulikana, zebaki. Lakini galiamu huyeyuka ikifika karibu nyuzi 30 za Selsiasi, na sesiamu karibu nyuzi 28.5. Siku ya jua kali, mchezaji anayejua kemia anaweza kukuwekea pingamizi, na atashinda. Sema "kwenye nyuzi 20 za Selsiasi". Vivyo hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 100 pale tu kanieneo ya hewa ni ile ya usawa wa bahari. Mlimani huchemka mapema.

Michezo ina tofauti kati ya kilichotokea na kilichoandikwa kwenye daftari la rekodi. Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna, Oktoba 2019. Muda huo haukukubaliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi na wasindikizaji wake walikuwa wakipokezana njiani. Kwa hiyo ukiuliza habari ya Kipchoge kushuka chini ya saa mbili, litaje jiji na mwaka, na usiliguse neno "rekodi".

Tarehe na mambo yanayobadilika

Tarehe huonekana ni jambo lililokwisha thibitishwa, na bado huleta matatizo. Neil Armstrong alikanyaga mwezi usiku wa tarehe 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani, ila kwa saa za Greenwich tayari ilikuwa tarehe 21. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi ya 1917 yaliangukia Novemba kwa kalenda tunayoitumia leo. Isaac Newton alizaliwa siku ya Krismasi ya 1642 kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, ambayo kwa kalenda ya sasa ni tarehe 4 Januari 1643. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020 ilichezwa 2021. Titanic ni filamu ya 1997 iliyopewa Oscar zake mwaka 1998. Uliza mwezi na mwaka pale ambapo siku ina utata, na kwenye filamu useme kama unataka mwaka wa kutoka au mwaka wa sherehe.

Kundi jingine ni majibu yanayopitwa na wakati. Pluto ilikuwa sayari ya tisa hadi 2006. Mji mkuu wa Kazakhstan ulibadilishwa jina kutoka Astana kuwa Nur-Sultan mwaka 2019, ukarudi Astana mwaka 2022. Sudan Kusini iliingia Umoja wa Mataifa mwaka 2011 na kufikisha wanachama 193. Rekodi za wafungaji, idadi ya miezi ya sayari, na viongozi walio madarakani hubadilika bila kukuaga. Zifungie muda: "hadi mwisho wa Kombe la Dunia la 2022, nani alikuwa amefunga mabao mengi kuliko wote katika fainali za Kombe la Dunia?" Miroslav Klose, mabao 16. Lililofungwa hivyo halipitwi na wakati. Au chagua jambo lililokwisha: Just Fontaine alifunga mabao 13 katika fainali za 1958 pekee, na hilo haliwezi kufutwa.

Ugumu upimwe

Katika kila maswali kumi, weka matatu ambayo karibu kila timu itayapata, matano ya katikati, na mawili ya kuwatenganisha vinara. Mshindi akimaliza na alama 30 hadi 34 kati ya 40, na timu ya mwisho isishuke chini ya 15, umepima vizuri. Timu zote zikigota chini ya 20, watu watakata tamaa kufikia raundi ya tatu. Zikipita 36 zote, hakuna ushindani.

Swali bora la katikati lina njia mbili za kulifikia jibu. Linganisha haya. "Heliamu iligunduliwa mwaka gani?" Anayejua anajua, asiyejua amekwama. Sasa hili: "Gesi gani ilitambuliwa kwanza kwenye mwanga wa jua mwaka 1868, ikapatikana duniani mwaka 1895, na leo hujazwa kwenye maputo ili yapae?" Anayejua historia ya sayansi anafika, na anayejua maputo anafika pia. Timu inaanza kujadiliana, na majadiliano hayo ndiyo raha yenyewe ya chemshabongo.

Usijaze maswali ya miaka. Mawili kwa raundi ya historia yanatosha, na yatoe nafasi ya kukosea: alama kamili kwa mwaka wenyewe, nusu alama kwa tofauti ya miaka miwili.

Kwenye burudani, sambaza miongo. Mtungaji bila kujua huegemea nyimbo na filamu za ujana wake, na matokeo yake timu yenye watu wa rika lake ndiyo inayoshinda. Gawa maswali kumi hayo: mawili ya kabla ya 1960, matatu ya 1960 hadi 1989, matatu ya 1990 hadi 2009, mawili ya baadaye. Ukipiga kipande cha wimbo, sekunde 15 zinatosha. Kijaribu kwenye spika utakayotumia, ukisimama nyuma kabisa ya chumba.

Kama timu zinashindana kwa kengele badala ya kuandika, geuza mpangilio: anza na dokezo gumu na umalizie na jepesi. "Alizaliwa Warsaw mwaka 1867... pamoja na mumewe aligundua elementi mbili mwaka 1898... alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel." Anayemjua Marie Curie sana atagonga mapema na kustahili alama yake. Ukianza na dokezo jepesi, mwenye mkono mwepesi tu ndiye atakayeshinda.

Kuhakiki

Kila jibu lipate ushahidi wa pande mbili zisizonakiliana. Kurasa kumi za intaneti zinaweza kuwa zimeiga kosa moja. Nenda kwa wenye kumbukumbu: shirikisho la mchezo kwa matokeo, waandaaji wa tuzo kwa washindi, ensaiklopidia yenye wahariri kwa historia. Dai kwamba Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini limechapishwa mara nyingi sana, na si kweli. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda angani, alisema mwaka 2003 kwamba hakuuona hata kutoka kwenye mzingo wa dunia, ambao ni karibu zaidi.

Kisha wasomee watu wawili watatu ambao hawatacheza. Usiwaulize kama maswali ni mazuri. Sikiliza wanachojibu. Wakiuliza "una maana gani hapo?", andika upya sentensi hiyo. Wakitoa jibu usilolitarajia, lichunguze kabla ya kulikataa.

Karatasi ya majibu

Mbele ya kila jibu andika mambo mawili: kinachokubalika na kisichokubalika. Jina la ukoo linatosha kwa Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928. Halitoshi kwa Williams kwenye tenisi, kwa kuwa Venus na Serena wote walishinda Wimbledon. Tahajia isimnyime mtu alama ikiwa matamshi yanamtambulisha mhusika. Kwa namba, taja kiwango cha kukosea kabla ya kusoma swali, kamwe si baada ya majibu kukusanywa.

Siku ya mchezo

Tangaza kanuni kabla ya swali la kwanza: simu mfukoni, msemaji mmoja kwa kila timu, pingamizi litolewe kabla raundi inayofuata haijaanza, na mwamuzi mmoja ndiye mwenye neno la mwisho. Mwamuzi asiwe mtungaji wa maswali. Mtungaji hulitetea swali lake hata linapokuwa bovu.

Timu zibadilishane karatasi kwa kusahihisha, na kila msahihishaji asaini chini. Pingamizi likithibitika, una njia mbili. Kama jibu la pili ni sahihi kweli, likubali pamoja na la kwanza. Kama swali lenyewe lina kosa, lifute kwa wote na uulize moja la akiba. Kuwapa wote alama ya bure hakusaidii kitu: tofauti kati ya timu inabaki ile ile, na aliyefikiri kwa bidii hapati chochote zaidi ya aliyeacha wazi.

Sare ivunjwe kwa namba ambayo hakuna anayeikariri lakini kila mtu anaweza kuikisia, na aliye karibu zaidi ashinde. Ndege ya ndugu wa Wright ilikaa hewani sekunde ngapi katika safari yake ya kwanza, Desemba 1903? 12. Safari ya Yuri Gagarin angani, Aprili 1961, ilichukua dakika ngapi? 108. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi ngapi za Selsiasi? 1,064. Andaa tatu, kwa sababu timu mbili zinaweza kuandika namba ile ile.

Baada ya mchezo, weka alama kwenye kila swali: timu ngapi zimelipata, na tarehe uliyolihakiki. Lililopatwa na wote au kukoswa na wote lirekebishe kabla ya kulitumia tena, na lolote linalohusu rekodi au cheo lihakikiwe upya kila linapotoka kwenye daftari.