Somo: Mashine ya nyasi inayomaliza betri kila wiki, mtafute mwizi kabla ya kununua betri nyingine

Habari za kazi wakuu. Naandika kutoka Mafinga. Wiki hii nimepokea simu tatu za shida ileile: mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, kila Jumatatu haiwaki mpaka ishtuliwe na betri ya gari. Shule moja huku ilinunua betri mbili ndani ya miezi mitano, zote zikafa, na betri hazikuwa na kosa. Iliniuma, kwa sababu kipimo kilichotoa jibu kilichukua dakika kumi.

Betri inaweza kuwa haishiki moto (yaani chaji), au mashine haiirudishii moto, au kuna kitu kinaunyonya usiku. Pima kwa mpangilio huu. Unahitaji mita ya umeme, spana namba 10 na brashi ya waya.

Hatua ya 1: Vichwa vya betri na nyaya
Fungua waya wa hasi kwanza, wa chanya baadaye. Ukifunga, anza na chanya. Sababu ni kwamba spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, na hasi bado imefungwa, inapiga shoti. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, bila kuyaingiza ndani ya betri, kisha piga brashi mpaka risasi ing'ae. Fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye chesisi. Pakiwa na kutu au rangi, kwangua.

Hatua ya 2: Betri yenyewe
Ichaji ijae. Betri hizi ni ndogo, nyingi ni kati ya Ah 20 na 30 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), kwa hiyo ampea 2 au 3 zinatosha. Chaja kubwa ya malori itaichemsha. Ikijaa, iache usiku mzima bila kuunganishwa na chochote, upime asubuhi. Volti 12.6 au zaidi ni nzima, 12.4 imepungua kama robo, 12.0 imekaribia kuisha. Kisha ifunge, upime huku mwenzako anapiga staata. Ikianguka chini ya 9.6, betri imechoka na hapo ndipo ununue.

Hatua ya 3: Chaji
Washa injini, vuta mafuta hadi mwisho, pima kwenye vichwa vya betri. Unatafuta volti 13.5 hadi 14.5. Ukiona 12.4 inayoshuka taratibu, chaji haifiki. Angalia plagi ya regyuleta, kile kifaa kinachoratibu umeme wa chaji kwenda kwenye betri, halafu bolti zake, maana kwenye injini nyingi bodi ya regyuleta ndiyo hasi yake na kutu kidogo inakata kila kitu. Angalia pia panya. Mashine ikilala stoo moja na mahindi, nyaya zinatafunwa.

Hatua ya 4: Mwizi wa usiku
Hapa ndipo tulipomkamata wa ile shule. Zima swichi, toa ufunguo, fungua hasi. Weka mita kwenye ampea 10, waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye ule waya uliofungua. Usipige staata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Mashine isiyo na saa wala redio inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Yetu ilisoma ampea 0.18.

Namba hiyo inaonekana ndogo, ila zidisha kwa saa 24 upate Ah 4.3 kwa siku. Betri ya Ah 28 inakauka ndani ya wiki moja. Nikachomoa fyuzi, mita ikabaki palepale. Nikachomoa plagi ya regyuleta, ikarudi sifuri. Regyuleta ilikuwa imeoza ndani, inaruhusu umeme urudi kwenye koili za chaji. Tuliibadilisha, na betri ya tatu hadi leo inadunda.

MASWALI

Tukuyu: Shikamoo fundi. Yangu inachaji vizuri, ila nikikata nyasi asubuhi nzima betri inashuka. Huku mvua haikati, nakata kila wiki.
Jibu: Marahaba. Unakata injini ikiwa taratibu? Klachi ya umeme ya visu inakula ampea 3 au 4 muda wote, na injini ikizunguka polepole chaji haitoshi. Kata nyasi mafuta yakiwa yamevutwa hadi mwisho. Ukipumzika, zima visu.

Njombe: Kamwene fundi. Mwezi wa saba asubuhi haiwaki kabisa. Wananiambia ni sakafu ya saruji inanyonya betri.
Jibu: Kamwene mzee wangu. Sakafu haina kosa, betri za siku hizi zina kasha la plastiki. Ni baridi. Betri ikipoa nguvu yake inapungua, na oili nzito inaifanya staata itumie nguvu zaidi. Ijaze chaji jioni, uhakikishe oili ni ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Iringa mjini: Kiangazi mashine inakaa miezi minne bila kazi. Niongeze asidi?
Jibu: Hapana dada, asidi usiongeze. Maji yakipungua kwenye betri yenye vifuniko, weka maji ya betri yaliyosafishwa tu. Fungua hasi, na uichaji kila mwezi. Betri ikikaa tupu, sahani zake zinaganda chumvi na haitarudi.

Mafinga: Naweza kushtua kwa lori la mbao?
Jibu: Usithubutu ndugu yangu. Malori mengi ni volti 24, utaua regyuleta na betri pamoja. Tumia gari dogo la volti 12, likiwa limezimwa.