Forodha wakibadilisha namba ya HS ya spea zako za pampu, fanya hivi

Nyinyi mnaoagiza spea za pampu, hapa Malindi mpaka Gongoni kwenye chumvi, mwajua maji ya bahari hayaachi kitu, kila mara impela (ile feni ya ndani inayosukuma maji) imeliwa, sili (ile ya kuzuia maji yasitoke) yavuja. Sasa acheni kuandika "spea za pampu" kwenye invoisi alafu basi. Ugomvi na forodha juu ya namba ya HS, ile ya kupanga bidhaa ijulikane ushuru wake, waanzia hapo.

Mimi yalinikuta. Kreti moja: impela, sili, beringi, bolti, oringi za mpira (vile vipete vya kuziba) na mota ndogo, ejenti wangu akatia zote 8413.91, sehemu za pampu. Kule Mombasa ofisa akapangua kila kitu, hata impela akasema ni kitu cha chuma tu, 7326. Nikawaka, nikataka kupinga zote, kumbe kwingi alikuwa sawa!

Kabla hujaandika barua chukua kitabu cha ushuru cha Afrika Mashariki, toleo la 2022, enda Sehemu ya XVI, ile ya mashine, usome yale maelezo ya mwanzo, usikimbilie namba. Kwanza angalia kilichotolewa nje: oringi ya mpira laini yaenda 4016, bolti ya chuma 7318, hata ungeapa kwamba ni za pampu. Pili, kitu chenye jina lake chaenda kwake, beringi 8482, mota 8501, sili ya kimakanika 8484. Kinachobaki, kama chatumika kwa mashine hio tu au hasa kwa hio, ndio chafuata namba ya mashine, kwa pampu ni ile 8413.91. Impela yangu ilikuwa hapa, manake haiingii pampu nyingine. Watu wengi huruka hatua ya pili, wanaona "hii ni ya pampu" wakamaliza, na ushuru wetu una viwango vya 0, 10, 25 na 35 kwa mia kwahio kosa la namba ni pesa.

Basi pinga kile kimoja unachoweza kukitetea. Mimi nilikubali beringi, mota, sili, oringi na bolti, nikalipa, nikabaki na impela peke yake, na hapo ofisa hata sauti ilishuka. Peleka mchoro wa kiwanda, namba ya spea ndani ya katalogi, na picha ikiwa imefungwa kwenye pampu, fundi aandike maneno mawili matatu inafanya kazi gani. Bei na shida zako usizitaje, hazihusu.

Siku sasa, hapa ndio watu huumia. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229, yakupa siku 30 tangu uamuzi kuomba Kamishna wa forodha aupitie upya, kwa maandishi na sababu zako. Yeye pia ana siku 30 kukujibu, asipojibu ombi lako huhesabiwa limekubaliwa, kwahio pata muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako, wallahi usitoke bila huo muhuri. Akikataa, una siku 45 tangu upate jibu kwenda Baraza la Rufaa za Kodi (Tax Appeals Tribunal).

Na oda ijayo usingoje kreti ifike, omba KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, uamuzi wa mapema wa namba, ukiambatisha ule ule mchoro. Invoisi nayo mwambie muuzaji aandike kila spea mstari wake, jina, imetengenezwa kwa nini, bei yake.