Jinsi ya kuangalia Sri Krishna Tulabharam mpaka ikuingie

Kama hujawahi kugusa sanaa ya Watelugu, watu wa kusini mwa India, na unatafuta pa kuanzia, anza na hii. Sri Krishna Tulabharam ni mchezo wa jukwaani ulioandikwa na Muttaraju Subba Rao, watu wa Andhra, jimbo la Watelugu, wameucheza vizazi na vizazi, halafu ukatolewa muvi mara tatu, 1935, 1955 na 1966. Shida ni kwamba mtu anafungua tu ile ya 1966, anaona wanaimba kila baada ya dakika mbili, anazima anasema haieleweki. Inaeleweka sana, ila ina mpangilio wake.

Kwanza ijue stori yote mpaka mwisho. Usiogope kuharibiwa uhondo, maana hata wale waliokuwa wanakesha kuutazama mchezo huu walikuwa wanaijua tangu utotoni, walikuja kuona itachezwaje. Krishna, mungu wa Wahindu, ana wake kadhaa, lakini hapa wa kuwafuatilia ni wawili: Rukmini, mpole na mcha Mungu, na Satyabhama, mrembo, tajiri, ana wivu wa hatari na anamtaka mume awe wake peke yake. Anakuja Narada, mtakatifu mzururaji ambaye akipita mahali lazima watu wagombane, anamshawishi Satyabhama aweke nadhiri: amtoe Krishna sadaka, kisha amkomboe kwa mali yenye uzito sawa na wake. Satyabhama anaona ni kazi ndogo, dhahabu si anayo! Inaletwa mizani, Krishna anakaa upande mmoja, upande wa pili dhahabu inamwagwa, vito vinavuliwa hadi vya mwilini, mizani haitikisiki. Mwishowe Rukmini anaweka jani moja la tulasi, mmea mtakatifu kwa Wahindu, kwa imani yake na upande ule unashuka.

Ukishaijua hiyo, bado usiangalie muvi. Tafuta wimbo mmoja, "Meerajalagalada", usikilize wenyewe kama wenyewe. Ni Satyabhama anajigamba kwamba mume wake hawezi kuvunja amri yake, kwa nguvu ya ile nadhiri. Wimbo huo ulitungwa na Sthanam Narasimha Rao, na huyu ndiye mtu wa kumjua kuliko wote kwenye habari hii, mwanaume wa Bapatla aliyecheza nafasi za kike jukwaani na Satyabhama wake akawa ndio kipimo cha wote waliofuata, serikali ya India ikamtunuku nishani ya heshima ya Padma Shri mwaka 1956. Kwenye muvi ya 1966 wimbo wake umo, umeimbwa na P. Susheela. Usikilize mara kadhaa mpaka uanze kusikia kiburi na mapenzi vikienda pamoja, maana mwanamke huyu hajivuni kwa sababu ni mbaya, anampenda mume wake kupita kiasi na anadhani mapenzi ni kumiliki. Ukikosa hilo umekosa mchezo mzima.

Halafu zoea padyam. Ni beti za kanuni za kale zinazoimbwa kwa raga, yaani mahadhi ya muziki wa India, muigizaji anaongea kawaida, ghafla anaingia kwenye ubeti, ile silabi ya mwisho anaivuta weee, pembeni hamoniamu inamfuata. Jukwaani watazamaji wakipendezwa wanapiga kelele arudie, na anarudia kweli hata kama alikuwa katikati ya ugomvi. Kwa hiyo ukiona stori imesimama usipeleke mbele, hapo ndipo penyewe, ubeti ndio unafungua moyo wa mhusika.

Sasa weka muvi ya 1966, ikiwa na sabtaito itakusaidia. Aliyeiongoza ni Kamalakara Kameswara Rao, NTR, yaani N. T. Rama Rao, ni Krishna, Jamuna ni Satyabhama, Anjali Devi ni Rukmini, Kanta Rao ni Narada. Macho yasimfuate NTR hata kama jina lake ndilo kubwa, mfuate Jamuna. Alishawahi kuwa Satyabhama kwenye Vinayaka Chaviti ya 1957, na hapa nafasi imemkaa haswa. Kuna pale anaponuna na kumpiga Krishna teke la kichwa, mungu mzima, naye anachukulia kwa upole wa mume anayebembeleza, angalia nani hasa ana nguvu hapo. Kuna pia "Bhale manchi chowka beramu", Krishna ananadiwa kama bidhaa ya bei rahisi, inachekesha lakini ndani inauma kwa sababu Satyabhama ndiye aliyemtoa. Na kwenye mizani usiiangalie dhahabu, angalia sura ya Satyabhama kila pambo linapotoka, kiburi kinapungua taratibu hadi anabaki mke tu anayeogopa kumpoteza mume.

Ukimaliza tafuta vipande vya jukwaani vya tukio hilohilo la mizani. Usitegemee kamera ikusogezee uso, jukwaani kila kitu kinabebwa na sauti na mikono, na mimi kwa kweli naona padyam inapumua vizuri zaidi huko, muvi inaharakisha. Ikikukolea, njia hiyohiyo itumie kwa Sri Krishnarjuna Yuddhamu ya 1963, iliyotokana na Gayopakhyanam, mchezo wa Chilakamarti Lakshmi Narasimham: stori kwanza, beti pili, muvi baadaye.