Tikiti maji nyuma ya nyumba: maua tele, matunda hakuna

Simu za tikiti huanza kama siku ya arobaini baada ya kupanda. "Bwana shamba, mche umetambaa mpaka ukutani, maua ya njano yamejaa, tunda hata moja sioni. Hizi mbegu si feki kweli?" Mbegu feki zipo, sibishi. Ila kwa miche mitano sita ya nyumbani, mara nyingi mbegu haina kosa. Shida iko kwenye maua.

Tikiti hutoa maua ya aina mbili kwenye mche mmoja. Ua dume hutangulia, na kwa wiki ya kwanza unaweza kuona hayo peke yake. Yatadondoka, na hilo lisikutishe. Ua jike huja baadaye, tena ni machache. Kulitambua ni rahisi: chini ya petali zake kuna kitikiti kidogo chenye vinyweleo, ukubwa wa punje ya karanga hivi. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba tu. Ua jike hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyo hiyo. Nyuki asipopita mara kadhaa kuliletea chavua, ule unga wa njano wa ua dume, kile kitikiti hugeuka njano, husinyaa na kuanguka. Chavua ikiwa haba, tunda hushika lakini hukua limepinda, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba.

Mama mmoja wa Kibaha aliniita akiwa ameshakata tamaa. Miche yake ilikuwa safi, jani halina hata tundu, na kumbe hapo ndipo penye tatizo: alikuwa anapiga dawa ya wadudu kila Jumatano na Jumamosi, saa mbili asubuhi, ndio muda nyuki wako kazini. Nilimwomba mambo mawili. Asipige dawa mpaka aone mdudu wa kumpigia, na akilazimika, apige jioni jua likizama, maua yakiwa yamefunga.

Nyuki wakiwa wachache mtaani kwako, fanya kazi yao. Toka kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, ng'oa petali zake zote ibaki ile sehemu ya katikati yenye unga wa njano, kisha ipake taratibu katikati ya ua jike, pande zote. Dume moja linatosha majike mawili. Baada ya siku tatu nne, kitikiti kilichoshika huanza kunenepa na kuinamisha kichwa. Ukipata matunda mawili kwa mche, au matatu kwa aina ndogo kama Sugar Baby, yanayofuata yatoe yakiwa machanga. Inauma, najua, lakini mche mmoja haulishi matikiti saba yakawa matamu.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye shimo. Tikiti linataka jua la kutwa, kwa hiyo chini ya mwembe sahau. Chimba shimo la kina cha sentimita 40, changanya udongo wa juu na nusu ndoo ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ukiongeza na mbolea ya urea kwa wingi unapata majani mapana ya kupendeza na maua machache. Weka mbegu tatu kila shimo, kina cha sentimita 2 hadi 3, kisha ubakishe mche mmoja wenye nguvu. Panda moja kwa moja, maana mizizi ya tikiti haipendi kuhamishwa. Mita moja kutoka shimo hadi shimo, mbili kati ya mistari. Kwa sisi wa Pwani, kupanda mwishoni mwa masika, Mei kuingia Juni, kunapunguza sana ubwiri vinyoya, yaani ule ukungu wa majani. Mwagilia kwenye shina, si juu ya majani.

Matunda yakishashika, kuna kuoza kwa aina mbili, na watu huzichanganya. Tunda likiwa na weusi mkavu kwenye kitako, chini kabisa mahali ua lilipokuwa, huo si ugonjwa wa kupigia dawa. Ni kalsiamu kutofika kwa sababu unamwagilia leo sana, kisha siku tano husogei. Panga ratiba na tandaza nyasi kavu kuzunguka shina. Lakini ukiona kitobo kidogo chenye utomvu, pasua hilo tunda: ukikuta funza weupe, ni inzi wa matunda. Yazike yote yaliyotobolewa, kina cha zaidi ya nusu mita, usiyatupe tu jalalani. Machanga yaliyobaki yafunike mapema, yakiwa kama yai la kuku, kwa gazeti au nyasi. Ni kazi ya dakika kumi, na kwa bustani ndogo naipendelea kuliko dawa yoyote.

Aina nyingi huiva kati ya siku 75 na 90. Wiki ya mwisho punguza maji, la sivyo tunda hupasuka au huwa chapwa. Kupiga kofi na kusikiliza mlio kunahitaji uzoefu, hata mimi huwa nakosea. Angalia ule uzi uliojikunja kama springi, unaoota jirani na kikonyo cha tunda: ukikauka wote, geuza tunda taratibu utazame pale lilipolalia. Pakiwa peupe, subiri. Pakiwa na njano ya siagi, kata kwa kisu na uache kikonyo kidogo. Ukilikata mapema, kuliweka ndani hakutaliongezea sukari.