Somo: Kugawa Mzigo wa Umeme wa Njia Tatu katika Jengo la Biashara

Transfoma inayohudumia mtaa hushusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 hadi volti 400 kati ya fezi na fezi (fezi ni mojawapo ya njia tatu zinazoleta umeme), na volti 230 kati ya fezi na nyutro, yaani waya wa kurudishia mkondo. Jengo la biashara hupokea fezi zote tatu, na hapo ndipo fundi anapopaswa kuamua kwa makini ni mzigo gani uende kwenye fezi ipi. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni, inayotolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati: EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya.

Hatua ya 1. Orodhesha kila kifaa, nguvu yake na saa zake za kazi. Saa hizo mafundi wengi huziacha, nazo ndizo zenye uzito.

Hatua ya 2. Gawa mzigo. Tuchukue jengo la ghorofa tatu lenye jumla ya kilowati 36: kila fezi itabeba kilowati 12, yaani ampea 52, na kwa sababu ya mota za viyoyozi na majokofu ni busara kukadiria ampea 60. Wengi huipa kila ghorofa fezi yake kwa kuwa ni rahisi kufuatilia. Siupendi utaratibu huo, kwa sababu mgahawa wa chini hupika hadi usiku wakati ofisi za juu zimefungwa, na fezi moja hubaki ikielemewa peke yake. Afadhali viyoyozi vya ofisi vigawanywe kwenye fezi zote tatu, na majiko ya mgahawa vivyo hivyo, kisha kila saketi iandikwe jina lake kwenye ubao wa usambazaji.

Hatua ya 3. Linda nyaya. Breka, yaani swichi inayojikata mkondo ukizidi, huwekwa kwa uwezo wa waya, si kwa ukubwa wa kifaa: kwa kawaida ampea 10 kwa taa zenye waya wa milimita za mraba 1.5, na ampea 20 kwa soketi zenye waya wa 2.5.

Hatua ya 4. Kagua nyutro. Fezi zikibeba mzigo sawa, mkondo wa nyutro hukaribia sifuri. Moja ikibeba ampea 90 na nyingine mbili 30 kila moja, nyutro hubeba 60. Nyutro ikikatika, vifaa vya fezi mbili hujikuta vimeungana mfululizo kwenye volti 400. Chukua jiko la kilowati 4.6 upande mmoja na kompyuta za kilowati 1.15 upande wa pili: jiko litapata takriban volti 80, na kompyuta zitapokea 320 na kuungua. Kwa hiyo kaza skrubu za nyutro kwa uangalifu uleule unaozipa fezi, na usiweke fyuzi wala swichi inayoikata nyutro peke yake.

Hatua ya 5. Jengo likishaanza kutumika, pima kila fezi kwa klampu mita, kipimo cha mkondo kinachobana waya kwa nje, saa za shughuli nyingi, kisha usiku.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, breka ya soketi za saluni hukatika kila mchana. Je, niweke ya ampea 32?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Waya wa 2.5 utapata moto ndani ya ukuta kabla breka hiyo haijakata. Ongeza saketi mpya kwa ajili ya mashine za kukaushia nywele.

Swali: Mzigo wangu umelingana, lakini nyutro bado ina mkondo mkubwa. Sababu ni nini?
Jibu: Kompyuta na taa za LED huvuta mkondo kwa vipande, na sehemu ya mikondo hiyo hujumlishana kwenye nyutro badala ya kufutana. Katika jengo la ofisi, nyutro isiwe nyembamba kuliko fezi.

Swali: Jenereta inaweza kuunganishwa moja kwa moja kwenye ubao?
Jibu: Isifanyike kamwe bila chenjiova, yaani swichi ya kuchagua ama umeme wa shirika ama wa jenereta. Umeme wa jenereta utarudi hadi kwenye transfoma, ambayo itaupandisha kufikia maelfu ya volti, na fundi wa shirika aliye juu ya nguzo akiamini kuwa laini imezimwa anaweza kufa.