Kugawana mafaili ya siri na timu kwenye terminali kwa sops na age, na mtu akiondoka unafanyaje

Kila timu yenye seva ina lile faili moja, lina pasiwadi ya databesi, tokeni za API, ufunguo wa kusainia, kila mtu analihitaji na hamna anayejua toleo jipya liko kwa nani. Wengine wanalitupa kwenye grupu la chati, wengine wanalikomiti kwenye Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) likiwa wazi kabisa afu wanasema "si repo yetu ni ya ndani tu". Sasa humu naonyesha namna ya kulikomiti likiwa limesimbwa (encrypted, halisomeki bila ufunguo), kila mwenye haki analifungua kwa ufunguo wake mwenyewe, hamna pasiwadi moja ya kugawana, hamna seva ya kuendesha. Na sehemu ninayotaka uisome vizuri kuliko zote ni ya kumtoa mtu, maana hapo ndo watu wengi wanadhani wamemaliza kumbe bado.

Vifaa ni viwili. sops ilianzia Mozilla mwaka 2015, siku hizi iko CNCF, taasisi inayolea miradi huria ya cloud. Kazi yake ni kusimba thamani zilizo ndani ya faili la YAML, JSON, ENV au INI huku majina ya vipengele yakibaki yanasomeka. age ni programu ndogo ya kusimba, mmoja wa walioiandika ni Filippo Valsorda, na sisi tunaichukua badala ya PGP, mfumo wa zamani wa kusimba, kwa sababu haina makorokoro, ufunguo wake ni mstari mmoja tu. Zote mbili zinapatikana kwenye Linux, macOS na Windows. Hakikisha sops yako ni 3.9 au zaidi, maana komandi ninazoandika hapa za `encrypt`, `decrypt`, `edit` zilikuja na toleo hilo, kwa toleo la zamani utahangaika na `-e` na `-d`.

Ufunguo wako

```
mkdir -p ~/.config/sops/age
age-keygen -o ~/.config/sops/age/keys.txt
chmod 600 ~/.config/sops/age/keys.txt
```

Hiyo ni kwa Linux. macOS yenyewe inatafuta kwenye `~/Library/Application Support/sops/age/keys.txt`, kwa hiyo ama uliweke huko ama useti `SOPS_AGE_KEY_FILE` ielekee unakotaka. Ndani ya faili utakuta mstari unaoanza na `AGE-SECRET-KEY-1`, huo usimpe mtu yeyote, hata bosi. Juu yake kuna mstari wa `# public key:` wenye ufunguo unaoanza na `age1`, huo ni wa hadharani, utume popote, hata ukibandikwa ukutani hamna shida.

Faili la kanuni

Kwenye mzizi wa repo tengeneza `.sops.yaml`:

```
creation_rules:
  - path_regex: prod/.*\.yaml$
    encrypted_regex: '^(pasiwadi|tokeni|ufunguo)$'
    age: >-
      age1...wa_kwanza,
      age1...wa_pili,
      age1...wa_seva
  - path_regex: dev/.*\.yaml$
    age: >-
      age1...wa_kwanza,
      age1...wa_pili
```

sops inasoma kutoka juu, kanuni ya kwanza inayolingana na njia ya faili ndo inayotumika, haziunganishwi. Kwa hiyo kanuni pana ikiwa juu inazimeza zote za chini yake na hutaona onyo lolote.

Hiyo `encrypted_regex` si lazima. Ukiitoa, thamani zote zinasimbwa, hata namba ya poti. Ukiiweka, zinasimbwa zile tu ambazo jina lake limelingana, zingine unazisoma kama kawaida, na kwa mtu anayepitia mabadiliko ya wenzake ni raha kweli. Ila kuna mtego hapa: hata zile thamani zilizobaki wazi zinaingia kwenye MAC, ile saini ya jumla ambayo sops inaiweka chini ya faili. Kwa hiyo mtu akiona `poti: 5432` iko wazi akaibadilisha kwa mkono na vim, faili halitafunguka tena, sops itasema MAC hailingani, na ina haki ya kusema hivyo, faili limeguswa nje ya mikono yake. Waambie wenzako mapema kwamba kila badiliko linapita kwa sops, hata la thamani ambayo si siri.

Kutengeneza na kuhariri

```
sops edit prod/app.yaml
```

Kama faili halipo, inakufungulia mfano, futa yaliyomo uandike yako. Inatumia editor iliyoko kwenye `EDITOR`, na kama unatumia VS Code weka `EDITOR="code --wait"`, bila hiyo `--wait` editor inarudisha terminali hapo hapo na sops inadhani umeshamaliza wakati hata hujaanza. Kama faili lilikuwepo tayari likiwa wazi, `sops encrypt -i prod/app.yaml` inalisimba papo hapo. Ila kama lilishawahi kukomitiwa likiwa wazi, hizo siri zihesabu zimeshatoka, zibadilishe zote, kusimba sasa hivi hakufuti historia ya Git.

Ukilitazama baada ya hapo utaona kitu kama hiki:

```
db:
    host: db.ndani
    pasiwadi: ENC[AES256_GCM,data:kX9...,iv:...,tag:...,type:str]
```

Majina yanabaki wazi, kwa hiyo usikipe kipengele jina kama `tokeni_ya_mteja_fulani` kama jina la mteja lenyewe ni siri. Pia urefu wa `data` unafuata urefu wa siri yenyewe, pasiwadi ya herufi 6 inaonekana tu kwamba ni fupi, so tumia ndefu.

Ukitaka thamani moja tu, kwa mfano kwenye skripti:

```
sops decrypt --extract '["db"]["pasiwadi"]' prod/app.yaml
```

Kuweka moja bila kufungua editor ipo `sops set`, ila ukiiandika siri pale pale kwenye komandi inabaki kwenye historia ya sheli yako, hapo umesimba faili afu siri umeiacha kwenye `.bash_history`. Mi huwa naiacha mashine iitunge yenyewe:

```
sops set prod/app.yaml '["db"]["pasiwadi"]' "\"$(openssl rand -hex 24)\""
```

Kwenye historia inabaki hiyo `openssl rand` tu, thamani yenyewe hakuna aliyeiona. Zile alama za nukuu mbili mbili zinachosha macho lakini ni za lazima, sops inataka thamani iwe JSON. Na kama seva ni ya watu wengi kumbuka kwamba komandi ikiwa inaenda, mwenye kuangalia `ps` (orodha ya programu zinazoenda) anaweza kuiona kwa sekunde hizo, basi huko tumia `sops edit`.

Kuendesha programu bila kuacha faili wazi kwenye diski

Kosa la kawaida ni `sops decrypt prod/app.yaml > app.yaml` afu hilo `app.yaml` linakaa hapo miezi, mwisho wa siku kuna mtu anapiga `git add .` na kazi yote imekwisha. Badala yake:

```
sops exec-env prod/env.yaml './anza.sh'
```

Inasimbua, inaziweka kama vigeu vya mazingira kwa hiyo programu tu, programu ikifa navyo vinakufa. Faili liwe bapa, jina na thamani, likiwa na ngazi ndani ya ngazi halitakubali. Kama programu yako inataka faili, ipo `exec-file`:

```
sops exec-file prod/app.yaml 'programu --config {}'
```

Ile `{}` inageuka njia ya bomba la muda (FIFO, linapitisha data bila kuihifadhi), siri haigusi diski kwa Linux na macOS. Programu ikisoma bomba mara ya pili haipati kitu, so zile zinazosoma config yake mara mbilimbili ziendeshe na `--no-fifo`.

Git

Ukipiga `git diff` utaona fujo ya herufi tu. Weka hii kwenye `.gitattributes`:

```
prod/*.yaml diff=sopsdiff
```

na kila mtu kwenye mashine yake:

```
git config diff.sopsdiff.textconv "sops decrypt"
```

Sasa diff inaonyesha maneno halisi kwa mwenye ufunguo. Usipige diff ukiwa unashare skrini tu.

Mkigongana kwenye kumeji (kuunganisha mabadiliko yenu), watu wawili wamehariri vipengele tofauti kabisa, bado mgongano utakuwepo, maana mistari ya `mac` na `lastmodified` imebadilika pande zote mbili. Usikae kuchagua mistari kwa mkono. Chukua faili zima la upande mmoja, afu rudia badiliko lako juu yake kwa `sops edit`, dakika mbili umemaliza. Ipo pia bendera ya `--ignore-mac`, na inafanya kazi, ila mtu akiizoea ataitumia na siku faili limechezewa kweli.

Kumwingiza mtu

Mgeni anatengeneza ufunguo wake, anakutumia ule wa `age1`, unauongeza kwenye `.sops.yaml`. Hapo bado hawezi kufungua kitu! Kanuni zile zinatumika faili likitengenezwa, mafaili ya zamani hayajui kama kuna mgeni, na yeye akijaribu anapata "Failed to get the data key required to decrypt the SOPS file". Lazima mtu ambaye tayari anaweza kufungua aendeshe:

```
find prod -name '*.yaml' -exec sops updatekeys -y {} \;
```

afu akomiti. Mgeni mwenyewe hawezi kujiongeza, na ndo inavyotakiwa.

Kumtoa mtu

Sasa hapa twende polepole. Kila faili lina ufunguo mmoja wa data, huo ndo unaosimba thamani. Ufunguo huo wa data wenyewe umesimbwa mara nyingi, nakala moja kwa kila mtu aliyeko kwenye orodha, na nakala zote ziko chini ya faili hapo hapo. Ukimtoa mtu kwenye `.sops.yaml` na kuendesha `updatekeys`, unachofuta ni nakala yake. Ufunguo wa data ni ule ule.

Na yeye ana nini? Ana clone (nakala nzima kwenye mashine yake) ya repo ya wiki iliyopita, ndani yake nakala yake ipo. Anaifungua kwa ufunguo wake wa age, anapata ufunguo wa data, na huo unafungua hata faili la leo akilipata popote, la kesho pia. Kwa hiyo baada ya `updatekeys` lazima ufuate na:

```
find prod -name '*.yaml' -exec sops rotate -i {} \;
```

Hii inatengeneza ufunguo wa data mpya na kusimba kila kitu upya. Mpangilio ni huo huo, `updatekeys` kwanza, kwa sababu `rotate` yenyewe haiangalii `.sops.yaml`, inachukua orodha iliyoko ndani ya faili, ukianza nayo unampa jamaa ufunguo mpya mkononi.

Hata hapo bado hujamaliza. Pasiwadi zenyewe anazijua, amezisoma kwa miezi, hamna kusimba duniani kunakoweza kuzitoa kichwani kwake au kwenye clone yake. Basi sasa ndo unaingia kwenye databesi unabadilisha pasiwadi, unafuta tokeni za zamani kule zilikotolewa, unaziandika mpya ndani ya faili. Na usifanye hili kabla ya `rotate`, maana ukiweka pasiwadi mpya ndani ya faili ambalo ufunguo wake wa data anao na ukapushi, umemwandikia barua. Kwa hiyo ni `updatekeys`, `rotate`, afu siri zenyewe. Kama siri ni nyingi mno kubadilisha siku moja, anza na zile zinazofikika kutoka intaneti, za ndani ya mtandao wenu zifuate, na hii ndo sababu ya kugawa mafaili kwa mazingira tangu mwanzo, aliyekuwa na `dev` tu akiondoka huna haja ya kugusa `prod`.

Ufunguo wa akiba

age haina "nimesahau pasiwadi". Kama kwenye orodha mko wawili na laptopu zote mbili zimeibwa, faili limekwenda. Ongeza ufunguo mmoja ambao hauna mtu, uchapishe kwenye karatasi au uuweke kwenye flashi, ufungiwe mahali. Afu ujaribu kweli kwamba unafungua, na ujaribu kwenye mashine ambayo haina ufunguo mwingine wowote, kwa sababu kwenye laptopu yako sops inaweza kuokota `keys.txt` ya kawaida ikafungua kwa hiyo na we ukadhani ile ya akiba inafanya kazi:

```
SOPS_AGE_KEY_FILE=/media/flashi/akiba.txt sops decrypt prod/app.yaml > /dev/null && echo sawa
```