Somo: Namna ya kuandaa jedwali la misimu na makazi ya kuzaliana ya ndege katika Msitu wa Superior, Minnesota

Orodha nyingi za ndege huchanganya mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa: majira ambamo ndege huonekana mahali fulani, na makazi anamotaga, kuatamia na kulea makinda. Katika msitu wa kaskazini, ambako ndege wengi hufika, huzaliana na kuondoka katika muda wa miezi michache tu, mchanganyiko huo huharibu jedwali zima, kwa sababu ndege aliyeonekana mara 10 mwezi Mei anaweza kuwa hajawahi kujenga kiota hata kimoja katika msitu huo. Somo hili linaeleza hatua za kuandaa jedwali linalojibu maswali yote mawili. Mfano ninaoutumia ni Msitu wa Taifa wa Superior, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambao ndege wake wamehesabiwa kwa miaka mingi na ambao wenzetu wanaoishi Minneapolis au Duluth wanaweza kuufikia kwa gari kwa saa chache.

Hatua ya kwanza: orodhesha aina za msitu kabla ya ndege

Msitu wa Superior ulianzishwa mwaka 1909, wakati wa Rais Theodore Roosevelt. Una ukubwa wa ekari zaidi ya milioni 3, unapakana na Kanada, na ndani yake mna eneo la Boundary Waters lenye maziwa zaidi ya 1,000. Hapa hukutana misitu ya aina mbili, yaani ile ya miti yenye majani ya sindano, ambayo huendelea kaskazini hadi ndani kabisa ya Kanada, na ile ya miti ya majani mapana inayotokea kusini. Kwa hiyo kuandika “msituni” katika safuwima ya makazi ni sawa na kutoandika kitu.

Ninapendekeza utenganishe walau makazi haya matano: vinamasi vya misprusi myeusi (Picea mariana) na miti ya Larix, ambayo hupukutisha majani yake ya sindano. Misonobari ya Pinus banksiana inayoota kwenye miamba na udongo mkavu. Mchanganyiko wa mipopla, mibetula na miti ya Abies. Vilima vya Acer saccharum vinavyotazama Ziwa Superior. Na kingo za maziwa, mito na mabwawa ya biva, mnyama anayeziba mito kwa miti. Kisha ongeza jambo ambalo wengi husahau, nalo ni umri wa msitu. Ndege mdogo Setophaga pensylvanica hujenga kiota chake katika vichaka vinavyochipuka baada ya miti kukatwa au kuungua. Matawi ya juu yakishafungana na kuziba mwanga, yeye huhama, na nafasi yake huchukuliwa na ndege kama Seiurus aurocapilla, ambaye hutengeneza kiota chenye paa juu ya ardhi, katikati ya majani makavu. Mahali ni pale pale na miti ni ya aina ile ile, lakini ndege wamebadilika.

Hatua ya pili: gawa mwaka katika vipindi 48

Kila mwezi ugawe katika vipindi vinne: tarehe 1 hadi 7, 8 hadi 14, 15 hadi 21, na 22 hadi mwisho wa mwezi. Mgawanyo huu ndio unaotumiwa katika michoro ya eBird, tovuti ambamo watazamaji wa ndege huweka kumbukumbu zao, kwa hiyo utaweza kulinganisha kumbukumbu zako na za wengine bila kupiga hesabu upya. Mwezi mzima ni kipimo kipana mno. Mwanzoni mwa Mei baadhi ya maziwa ya kaskazini huweza kuwa bado na barafu, ilhali mwishoni mwa mwezi huo huo karibu ndege wote wanaozaliana msituni wamekwisha kuwasili.

Hatua ya tatu: mpe kila ndege hadhi yake ya msimu

Hadhi nne zinatosha kwa kuanzia: mkazi wa mwaka mzima, mgeni wa majira ya joto, mgeni wa majira ya baridi, na mpita njia. Canachites canadensis, ndege wa jamii moja na kwale, ni mkazi; wakati wa baridi hula majani ya sindano ya misonobari na misprusi. Gavia immer, ndege wa majini ambaye ndiye nembo ya jimbo la Minnesota, ni mgeni wa majira ya joto: hufika barafu inapoyeyuka, na majira ya baridi huyamaliza katika Ghuba ya Meksiko na pwani ya Atlantiki. Pinicola enucleator ni mgeni wa majira ya baridi anayetoka kaskazini zaidi. Setophaga striata, ndege mdogo mwimbaji, ni mpita njia: hupita mwezi Mei akielekea kwenye misprusi ya Kanada.

Wapo wanaodai kwamba ndege anayeonekana miezi yote 12 ni mkazi. Dai hilo si la kutegemewa, kwa kuwa spishi inaweza kuwapo mwaka mzima ilhali ndege wa Januari si wale wale wa Julai.

Hatua ya nne: fafanua maneno ya wingi

Maneno kama “wengi” na “wachache” yapimwe kwa uwezekano wa kukutana na ndege katika msimu wake na makazi yake. Bundi Aegolius funereus akitafutwa mchana mwezi Julai ataonekana kana kwamba hayupo duniani. Akisikilizwa usiku wa mwezi Machi au Aprili, dume anapoita, picha hubadilika. Eleza mwanzoni mwa jedwali kwamba “wa kawaida” maana yake ni ndege ambaye mtazamaji mwenye uzoefu humkuta katika safari nyingi, na ushikilie maana hiyo hadi mwisho.

Hatua ya tano: tenganisha kuonekana na kuzaliana

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha jedwali la kuaminika na orodha ya matembezi. Atlasi ya ndege wanaozaliana Minnesota, ambayo taarifa zake zilikusanywa kati ya 2009 na 2013, ilitumia viwango vitatu vya ushahidi, nami sioni sababu ya kubuni vingine. Dume anayeimba mara moja katika makazi yanayofaa, ndani ya msimu, ni ushahidi wa kuzaliana kunakowezekana. Dume yule yule akiendelea kuimba mahali hapo kwa siku saba au zaidi, au akionekana na jike wakichumbiana, kiwango hupanda na kuwa kuzaliana kunakoelekea kuwa kweli. Uthibitisho ni kiota chenye mayai au makinda, makinda yaliyotoka kiotani karibuni yasiyoweza kuruka vizuri, au mzazi anayebeba chakula kwenda kulisha.

Uthibitisho huu wa mwisho una tahadhari zake. Tai anayebeba samaki anaweza kuwa anakwenda mbali sana, na Perisoreus canadensis, ndege wa kijivu wa jamii ya kunguru, hubeba chakula mwaka mzima kwa ajili ya kukificha kwenye magome ya miti. Vivyo hivyo, wimbo wenyewe hauthibitishi kitu mwezi Mei: Setophaga striata huimba kwa nguvu akiwa safarini, kisha huondoka. Ndiyo maana kila spishi inahitaji tarehe za usalama, yaani kipindi ambacho wapita njia wamekwisha kuondoka na waliobaki hawajaanza safari ya kurudi kusini. Kwa ndege wadogo waimbaji wa msitu huu, Juni hadi mwanzoni mwa Julai ndicho kipindi cha kutegemewa zaidi. Baadaye makinda hutawanyika na kuingia katika makazi ambayo hawakuzaliwa, na hapo safuwima ya makazi huanza kudanganya.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila ndege hungoja Juni. Perisoreus canadensis hutaga mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ikiwa bado imefunika ardhi, na Loxia leucoptera, mwenye mdomo uliopishana ncha, huweza kutaga karibu mwezi wowote ikiwa mbegu za misprusi ni tele. Mtu anayekwenda msituni mwezi Juni peke yake ataandika kwamba ndege hawa hawazaliani, na atakuwa ameandika uongo kwa nia njema.

Hatua ya sita: eleza makazi ya kiota, kisha makazi ya kulisha

Mwaka 1978 kiota cha Aegolius funereus kilipatikana kaskazini-mashariki mwa Minnesota, na kikawa cha kwanza kuthibitishwa Marekani kusini mwa mpaka wa Kanada. Bundi huyu hutaga ndani ya matundu ya mipopla mikubwa iliyozeeka, kwenye ardhi iliyoinuka, lakini huwinda na kupumzika kwenye misprusi ya mabondeni. Ukimwandikia makazi moja tu, mhifadhi atalinda kinamasi na kuacha mipopla yenye matundu ikatwe.

Kwa ndege wadogo, sema pia ni sehemu gani ya mti. Mwanaikolojia Robert MacArthur alionyesha mwaka 1958, katika misitu ya misprusi ya majimbo ya Maine na Vermont, kwamba spishi tano zinazofanana sana hugawana mti mmoja: wengine hula kileleni, wengine katikati, wengine chini karibu na shina. Katika Superior pia utamkuta Setophaga fusca juu ya miti mirefu yenye majani ya sindano, wakati Setophaga palmarum hujenga kiota chini, kwenye mavumwani, yaani mimea midogo laini inayotanda ardhini, ya kinamasi kilicho wazi. Safari ya kinamasini mwezi Juni inahitaji viatu virefu vya mpira na chandarua cha kichwani. Mbu wa huko hawaoni haya.

Hatua ya saba: weka safuwima ya miaka isiyo ya kawaida

Kuna ndege ambao hawafuati kalenda bali hufuata chakula. Viwavi wa Choristoneura fumiferana wanapolipuka na kula miti ya Abies na misprusi, ndege kama Setophaga castanea na Setophaga tigrina huongezeka kwa miaka kadhaa, kisha hupungua viwavi wanapotoweka. Moto wa Pagami Creek wa mwaka 2011 uliunguza ekari zipatazo 93,000. Miti iliyokufa kwa namna hiyo huvamiwa na mabuu ya mbawakawa, na mabuu humleta Picoides arcticus, kigong’ota mwenye mgongo mweusi. Majira ya baridi ya 2004 na 2005 yalileta Minnesota maelfu ya bundi wakubwa wa kijivu, Strix nebulosa, kwa sababu ya upungufu wa panya wadogo wa porini huko kaskazini. Ukiweka wastani wa miaka hiyo bila maelezo, msomaji atakwenda msituni akitarajia bundi ambao hawapo.

Maswali ya wanachama

Swali (Arusha): Shikamoo Mwalimu. Mbayuwayu tunaowaona huku mwezi Desemba, wanaweza kuwa wametoka katika msitu huo?

Marahaba. Spishi ni ile ile, Hirundo rustica, lakini wa Amerika ya Kaskazini huenda Amerika ya Kati na ya Kusini. Wanaofika Arusha wamezaliwa Ulaya na Asia. Katika jedwali lako, andika spishi moja na njia mbili za kuhama.

Swali (Duluth): Naomba kuelekezwa kuhusu muda. Nianze kuhesabu saa ngapi, na nisimame kwa muda gani?

Ndugu yangu, jua la Juni huko huchomoza karibu na saa 11 na robo alfajiri, na ndege huimba zaidi mapema. Sensa ya ndege wanaozaliana Amerika ya Kaskazini, iliyoanza mwaka 1966, huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuwa na vituo 50, kila kimoja dakika tatu, kwa umbali wa mita 800 hivi kati ya vituo. Hiyo ni ya barabarani. Kwa msitu wa ndani, vituo vichache vya dakika 10 kila kimoja vinakupa taarifa bora zaidi. Kwa kuwa unaishi Duluth, tenga pia siku za katikati ya Septemba kwa ajili ya Hawk Ridge, kilima cha Duluth ambapo mwewe wanaohama huhesabiwa: mwewe hawapendi kuvuka Ziwa Superior, hivyo hufuata ufuko wake, na tarehe 15 Septemba 2003 walihesabiwa mwewe wa spishi Buteo platypterus zaidi ya 100,000 kwa siku moja. Usiwaingize wote kwenye jedwali la msitu. Ni wapita njia wa mjini kwenu.

Swali (Nakuru): Mwalimu, ndege wadogo wanaobaki huishije katika baridi hiyo?

Mji wa Tower, jirani na msitu huo, ulifikia nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996, kwa hiyo swali lako lina uzito. Poecile atricapillus, ambaye uzito wake ni gramu 11 hivi, huficha mbegu na hushusha joto la mwili wake usiku ili kupunguza matumizi ya mafuta. Bonasa umbellus, ndege wa jamii ya kwale, hujizika ndani ya theluji laini, ambamo baridi ni ndogo kuliko nje.

Swali (Muheza): Je, hatua hizi zinafaa kwa misitu ya Usambara?

Hatua ya tano na ya sita zinafaa kama zilivyo. Hatua ya tatu itabidi ibadilishwe, kwa sababu huko wapo ndege wanaoshuka kutoka milima ya juu kwenda misitu ya chini katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, kisha hupanda tena kuzaliana. Ongeza safuwima ya mwinuko kwa mita, na vipindi vyako vya mwaka uvilinganishe na mvua.

Swali (Minneapolis): Nikipata kiota kitupu au unyoya, naweza kuuchukua uwe kielelezo?

Hapana. Sheria ya ndege wanaohama ya mwaka 1918 inakataza nchini Marekani kumiliki manyoya, mayai na viota vya ndege wa asili bila kibali, hata ukivikuta vimeanguka chini. Piga picha, andika tarehe, aina ya mti na kimo cha kiota kutoka ardhini, kisha ukiache mahali pake.